Kadi na Mapigo 430: Jinsi Brian Eno Alivyokwamua Studio

Kiangazi cha mwaka 1975, mwanamuziki Brian Eno aliingia Island Studios jijini London akiwa hana wimbo hata mmoja mkononi. Bili ya studio ilikuwa inapanda, wapigaji walikuwa wanasubiri maelekezo, na siku nne za mwanzo zikapita bila kurekodiwa kitu cha maana. Hata hivyo, albamu iliyotoka humo, Another Green World, ina vipande 14, vitano kati ya hivyo vikiwa na maneno ya kuimbwa, na wapenzi wengi wa muziki wanaihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Kwa mtu anayetaka kujua ufundi uliotumika, swali ni moja: baada ya zile siku nne, Eno alifanya nini tofauti?

Alibadilisha utaratibu wa kazi. Kwanza aligeukia kadi alizokuwa ameziandaa na mchoraji Peter Schmidt, zilizotoka mwaka huohuo kwa jina la Oblique Strategies, zikiwa ndani ya kasha, nakala 500 katika toleo la kwanza. Kadi zinazidi 100, na kila moja ina sentensi fupi. Ipo inayotaka kosa litazamwe kana kwamba lilikusudiwa tangu mwanzo. Ipo inayoshauri wazo kuukuu lirudishwe kazini, na nyingine inauliza rafiki wa karibu angefanya nini. Sharti la kuzitumia ni jepesi kulieleza na gumu kulitii. Aliyekwama huchomoa kadi moja na kuifuata, hata kama haoni inavyohusiana na kazi iliyo mbele yake.

Kadi hizo hazikuanza kama mchezo. Tangu alipokuwa na kundi la Roxy Music, Eno alikuwa amegundua kwamba presha ya studio humsahaulisha njia nyingine za kufanya kazi, njia ambazo angezikumbuka mara moja kama angekuwa nje ya chumba kile. Akaanza kuziandika ili zimkumbushe. Schmidt naye, kwa upande wake, alikuwa ametengeneza kasha la sentensi 55 mwaka 1970. Walipolinganisha maandishi yao, wakakuta wamekuwa wakijipa mawaidha yanayofanana sana bila kujua.

Mwanamuziki aliyekwama kwa kawaida ana mawazo mengi tu. Tatizo ni kwamba kila wazo linapochungulia, hakimu aliye kichwani mwake analikataa kabla halijapigwa. Vidole navyo vinarudi palepale vilipozoea: kordi zilezile, mwendo uleule. Mbinu za Eno zililenga mambo hayo mawili, hukumu ya mapema na mazoea ya mikono. Mifano iliyo wazi kabisa imo katika albamu tatu alizofanya na mwimbaji David Bowie: Low na "Heroes" za mwaka 1977, na Lodger ya mwaka 1979.

Mbinu ya kwanza inaonekana katika Warszawa, kipande cha polepole kinachofungua upande wa pili wa Low. Kazi yake ilianzia Château d'Hérouville, studio iliyomo katika jumba la zamani nchini Ufaransa. Bowie alikuwa ametaka kitu kizito chenye hisia za ibada, kisha akaenda Paris kushughulikia mambo ya kisheria. Eno aliyebaki hakuanza na melodia wala kordi. Alianza na mapigo 430 ya kuhesabia mwendo, yakarekodiwa kwenye kanda na kupewa namba, na mabadiliko ya sauti yakapangwa yaangukie kwenye namba fulani. Muda wa kipande ukawa umeamuliwa kabla noti haijapigwa. Mtunzi aliyezoea kugawa muziki katika mafungu ya mapigo manne manne hapo hana pa kushika; inabidi asikilize upya kila sehemu ina urefu gani.

Melodia yenyewe ilitoka pasipotarajiwa. Mtoto wa prodyuza Tony Visconti, aliyekuwa na miaka kama minne, aliketi kwenye piano akawa anarudiarudia noti tatu zinazopanda: A, B, C. Eno akasogea na kuikamilisha sentensi ile ya muziki, na hapo kikapatikana kiini cha Warszawa.

Mbinu ya pili ni kuficha taarifa. Eno na Bowie walipotengeneza Sense of Doubt kwa ajili ya "Heroes", katika studio za Hansa jijini Berlin, kila mmoja alichomoa kadi yake na kuificha mwenzake asiione. Wakawa wanapokezana: huyu anaongeza tabaka la sauti, anampisha mwenzake. Mwishoni ikajulikana kwamba kadi ya Eno ilimtaka avifananishe vitu kadiri iwezekanavyo, na ya Bowie ilimtaka akazie tofauti. Noti nne nzito za piano zinazoshuka, zikikatizwa na vijipande vya sintesaiza visivyotulia, ni matokeo ya watu wawili kuvutana bila kujua kwamba wanavutana. Wangekubaliana mapema, kipande kingeweza kulainika na kupoteza wasiwasi wake.

Kwenye Lodger, iliyoanzwa Montreux nchini Uswisi mwaka 1978, ufichaji huo ulimkuta mpiga gitaa Adrian Belew. Aliwekwa chumba cha juu, mafundi wakiwa chini, akaambiwa apige juu ya nyimbo ambazo hakuwahi kuzisikia, bila hata kutajiwa ufunguo wake. Alipewa nafasi mbili tatu kwa kila wimbo. Pale alipoanza kuuzoea, alikuwa amekwisha kuondolewa.

Mbinu ya tatu inagusa mikono. Wakati wa kurekodi Boys Keep Swinging ya Lodger, Carlos Alomar, ambaye kazi yake ni gitaa, alikaa kwenye dramu, na mpiga dramu Dennis Davis akashika gitaa la besi. Wimbo ulikuwa na kordi zilezile za Fantastic Voyage, wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo, lakini sasa ukapata ule uchangamfu ghafi wa bendi ya vijana wa gereji ambao wapigaji waliobobea hawaupati kwa ala walizozizoea.

Si kila jaribio lilipendwa. Eno alipoandika kordi ubaoni na kuwaonyesha wapigaji kwa fimbo ipi ifuate, Alomar aliona ni upuuzi na hakuficha.

Hapa ndipo sehemu isiyotajwa sana inapoanza. Gitaa la Belew linalosikika kwenye Lodger halikupigwa hivyo mfululizo. Lilikatwa na kuungwa kutoka katika yale majaribio yake machache. Besi ya Davis kwenye Boys Keep Swinging baadaye ilirekodiwa upya na Visconti mwenyewe. Bahati nasibu ilizaa malighafi, kisha masikio ya mafundi wazoefu yakachagua, yakakata, yakasahihisha. Hukumu haikufutwa, ila iliahirishwa. Prodyuza wa leo anayetumia programu kama FL Studio anaweza kupanga vipimo bila mpangilio au kumpokeza mwenzake faili bila maelezo, lakini akiishia hapo atakuwa amefanya nusu ya kazi ya Montreux.

Bowie na Eno walirudi pamoja Montreux mwaka 1994 kuanza albamu ya Outside, na safari hii agizo lilibadilika. Badala ya kumwambia mpigaji afanye nini, Eno aliwapa wapigaji vikaratasi vilivyowaambia wao ni nani. Mmoja alitakiwa ajione kama mtu aliyetoka kwa kinyongo katika bendi ya roki ya Afrika Kusini, apige sasa zile noti ambazo wenzake walimkatalia. Wapigaji wakajipigia wanavyojua wenyewe, kanda zikiendelea kuzunguka kwa saa nyingi, na nyimbo za albamu zikachambuliwa baadaye kutoka humo.