Neno "pepo": asili moja, hukumu mbili

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayotaja viumbe waovu wasioonekana, "shetani" na "jini" yametoka katika Kiarabu. "Pepo" ni la Kibantu. Katika mahubiri ya mijini Kongo, hasa kwa umbo la "mapepo", neno hili huchukuliwa kana kwamba lilizaliwa na uovu ndani yake. Lugha yenyewe haithibitishi dhana hiyo.

Mzizi wake ndio ule wa "upepo", na jamaa zake ni "pepea" na "pepeta", vitenzi vinavyohusu mwendo wa hewa. Katika Kichewa, "mphepo" ni upepo. Katika Kibemba, "impepo" ni baridi. Katika Kikongo, "mpeve" ni upepo na pia roho, na Roho Mtakatifu huitwa "Mpeve ya Nlongo". Huko, pumzi isiyoonekana haikuhukumiwa.

Hukumu ilikazwa na tafsiri. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, neno moja la Kigiriki, "pneuma", limegawanywa mara tatu: la Mungu ni "Roho", livumalo katika Yohana 3:8 ni "upepo", na lililo chafu katika Marko 1:23 ni "pepo". Mgawanyo huu humwondolea msomaji utata, lakini humnyima mchezo wa maana ulio kiini cha aya ile ya Yohana. Zaidi ya hayo, utakatifu umekabidhiwa neno la kukopwa, uchafu neno la wenyeji. Ilhali "roho" nayo, katika Kiarabu, ina mzizi mmoja na "rih", yaani upepo.

Tena mgawanyo haukukamilika. Katika Luka 23:43 mhalifu anaahidiwa kuwa "peponi": ni "pepo" na kiambishi cha mahali. Sarufi ndiyo inayotenganisha maana: pepo wachafu hupatanishwa kama viumbe hai, pepo njema kama kitu.

Suala hili si la kamusi pekee. Mtoto mwenye kifafa akisemwa "ana mapepo", neno moja huwa jina la ugonjwa na hukumu kwa pamoja. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwatuhumu watoto uchawi. Lakini tuhuma huanza katika msamiati kabla ya kufika mahakamani. Hivyo kamusi inayotanguliza "shetani" katika kufasili "pepo" haielezi neno: inarudia hukumu. Ianze na upepo, kisha ionyeshe uovu ulivyoingia.