Majazi na Mipaka Yake: Kutoka Adili hadi Rosa
Uhakiki wa usawiri wa wahusika katika riwaya ya Kiswahili mara nyingi huishia kwenye majazi: jina hutajwa, maana yake hutolewa, kisha mhusika huhesabiwa kuwa amekwisha kuelezwa. Njia hiyo yatosha katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo Adili ni mwadilifu, nao Hasidi na Mwivu hutenda yale ambayo majina yao husema. Haitoshi katika Rosa Mistika (1971). Hapo Kezilahabi amempa binti wa Ukerewe jina litokanalo na sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, kisha akamwandikia maisha yanayopingana nalo. Kuiita hali hiyo kejeli tu ni kuipunguza. Swali la msingi ni nani aliyetoa jina na alidai nini kwa aliyepewa. Rosa hakulichagua, alivishwa, kama alivyowekewa ukali wa Zakaria, baba mlevi atakaye usafi wa bintiye kwa kipigo. Msomaji anayempima Rosa kwa jina lake huketi pamoja na waliomhukumu, na kujiua kwake hukisoma kama adhabu aliyostahili.