Teja, Mraibu na Nafuu

Barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hata Tabora na Ujiji, ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu, na pamoja navyo Kiswahili chenyewe. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, alieleza katika kitabu chake kilichopigwa chapa 1860 uvutaji wa bangi wa watu wa nchi hizo: kiko cha maji, moshi na kikohozi. Maelezo yake ni hodari, lakini yana kasoro moja: yanaishia pale moshi unapoishia. Mvutaji hana kesho.

Kasoro hiyo haikufa pamoja na Burton. Neno teja, aitwalo mtumiaji wa heroini, humwona mtu pale alipoanguka na kumfungia papo hapo. Mraibu ni neno la haki zaidi. Uraibu hapo kale ulikuwa tambuu na tumbaku ya kutafuna, kitu alichokaribishwa mgeni barazani. Kwa hiyo neno lakiri kwamba mazoea yaweza kumshika mtu yeyote. Mkoa wa Tabora hulima tumbaku kwa wingi, wala mvuta sigara aliyeshindwa kuiacha haitwi teja. Madhara ya heroini na ya tumbaku si sawa, lakini tofauti ya majina haikupimwa kwa madhara; imepimwa kwa heshima.

Jambo hili lagusa tiba. Tangu 2011, Hospitali ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, mraibu wa heroini hunywa dozi yake, hasa mwanzoni, kila siku mbele ya mhudumu, pengine kwa miaka. Bangi haina dawa ya namna hiyo. Msaada wake ni ushauri, jamaa na wenzi waliotangulia kuacha. Katika njia zote mbili kuteleza si ajabu, na kuinuka tena ni sehemu ya tiba. Aulizaye, "Amepona?" hudai jibu la siku moja, aulizaye, "Ana nafuu?" amekubali kuuliza tena kesho.

Msafara haukufika Tabora kwa hatua moja. Ulikwenda kambi hata kambi, kwa miezi, nyuma ya kirangozi aliyeijua njia. Hadithi inayomwua mlevi, au kumtubisha ghafula katika ukurasa wa mwisho, hurudia kosa la Burton. Inayostahili sifa ni ile itakayosimulia kambi za katikati, ambako hapana kifo wala ushindi, ila mtu aliyeamka asubuhi akaifuata dozi yake, na mwingine aliyemsindikiza.