Tarakimu Zinazopotea: Uhakiki wa Usomaji wa Namba Desimali katika Programu za Usimamizi wa Usanidi

Programu za usimamizi wa usanidi zimejengwa juu ya ahadi moja: alichokiandika mtumiaji katika faili ndicho kitakachokuwa kwenye seva. Ahadi hiyo hulegea pale anapoandika namba yenye nukta.

Ansible, iliyoandikwa kwa Python, inadhihirisha hali hii. Thamani 0.12345678901234567890, ikiandikwa katika faili la YAML bila alama za nukuu, husomwa kama namba ya nukta inayoelea ya biti 64. Ikitolewa tena huwa 0.12345678901234568. Chanzo kinafahamika. Namba ya aina hiyo ina biti 53 za usahihi, zinazotosha tarakimu 15 hadi 17 za desimali. Hata hivyo, mtumiaji hapewi onyo lolote, na kimya hicho ni kasoro kubwa kuliko upotevu wenyewe.

Madhara yake hujitokeza programu inapolinganisha hali inayotakiwa na hali iliyopo. Seva ikirejesha tarakimu zote kama maandishi, kila utekelezaji huona tofauti na kurekebisha kisichorekebishika. Pande zote mbili zikisomwa kama namba za biti 64, tofauti halisi hufichika, na ripoti husema hakuna kilichobadilika. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi; ya kwanza walau hupiga kelele.

Kwa namba za matoleo, mwongozo wa Ansible unashauri kutumia alama za nukuu, kwani toleo 3.10 lisiponukuliwa huwa 3.1. Ushauri huo ni sahihi, ila unamtwika mtumiaji jukumu la kujua jinsi kisomaji kinavyofanya kazi. Isitoshe, thamani iliyonukuliwa ni maandishi, na katika mpangilio wa maandishi "10.5" hutangulia "9.5".

Terraform imefuata njia nyingine: namba zake huhifadhiwa kwa usahihi wa biti 512, yaani zaidi ya tarakimu 150 za desimali. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini haimalizi tatizo. Kizio bado ni mbili, hivyo 0.1 haipati uwakilishi kamili, na sifuri ya mwisho katika 3.10 hupotea vilevile.

Python imekuwa na moduli ya decimal tangu toleo 2.4 la mwaka 2004, nayo huhifadhi hata sifuri za mwisho. Pingamizi dhidi yake lina uzito: kujumlisha namba ya moduli hiyo na namba ya nukta inayoelea huzua kosa, hivyo violezo vya zamani vingeweza kukwama. Lakini kosa linalosimamisha kazi hadharani lina nafuu kuliko thamani iliyobadilishwa kimyakimya. Tena kazi kuu ya kiolezo si kupiga hesabu. Ni kubeba thamani kutoka kwenye faili hadi kwenye seva, na kwa kazi hiyo kuigeuza thamani kuwa namba si lazima hata kidogo.