Asilimia 64 ya nani?

MELD Graph ni programu nzuri ya akili mnemba iliyotangazwa vibaya. Mliofuatilia taarifa za London za Februari 2025 mnaikumbuka ile namba: akili mnemba imegundua asilimia 64 ya kasoro za ubongo zinazoleta kifafa ambazo madaktari wa mionzi walizipita. Kuitanguliza namba hiyo bila kusema wamehesabiwa nani lilikuwa kosa la wazi, na sisi wa Unguja ndio litakaotuumiza.

Kazi yenyewe ni safi: picha za MRI za watu 1,185 kutoka vituo 23, na katika sehemu inazoziwekea alama kuwa zina kasoro, asilimia 67 ni sahihi, dhidi ya 39 za programu iliyotangulia.

Sasa hiyo 64. Kati ya watu hao, wagonjwa walikuwa 703, na wote walikuwa na displasia ya gamba la ubongo, yaani gamba lililokua vibaya, chanzo kimoja tu kati ya vingi vya kifafa. Ambaye picha yake ilisomwa kuwa haina kitu aliingia kwa njia moja: awe amekwisha kupasuliwa, na kipande cha ubongo wake kimethibitishwa maabara. Yaani jibu lilikuwa mkononi kabla programu haijaulizwa. Aliyeambiwa picha yake haina kitu, naye asipasuliwe, hayumo. Aliyepata kifafa kwa sababu alichelewa kulia alipozaliwa, au kwa homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya bodaboda, hayumo. Mzazi wa Makunduchi anayeuliza mwanawe anaanguka kwa nini hapati jibu lolote katika asilimia 64.

Haya ya walioachwa nje ya hesabu nimeyapigia kelele miaka mingi, na sitayaacha. Ndiyo maana mfano wangu bado ni mtafiti Andrea Winkler na wenzake wa hospitali ya Haydom, kule Mbulu. Mwaka 2009 walichapisha uchunguzi wa CT tu, wala si MRI: watu 212 wenye kifafa, vyanzo vyao havijachujwa kwanza. Katika hao, 38, sawa na asilimia 17.9, walionekana na dalili za mabuu ya tegu wa nguruwe ubongoni. Kwa watu wa kulinganisha walikuwa wachache mno. Ni namba ndogo, lakini unajua imetoka wapi, kwa hiyo unajua pia isipelekwe wapi. Hakuna mwenye akili atakayeibeba hadi Unguja, ambako nguruwe ni wachache.

Hapa Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ina taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo tangu 2014. Programu ya namna hii ikifika, mgonjwa asiyewekewa alama atarudi nyumbani na maneno "hakuna kitu". Na katika nyumba nyingi za hapa, kipimo kikisema hakuna kitu, shauri hukatwa kuwa ni shetani. Huitwa mganga, na vidonge huachwa. Programu iliyofunzwa kutafuta displasia haina haki ya kusema "hakuna kitu". Inaweza kusema tu kwamba haikuona displasia.

Watengenezaji wameeleza kuwa bado ni chombo cha utafiti. Vyema, lakini onyo hilo halikupewa nafasi iliyopewa 64. Sentensi ya kwanza ya taarifa ingetosha kuandikwa hivi: asilimia 64 ya wagonjwa wa displasia waliopitwa na madaktari, kisha wakapasuliwa na kuthibitishwa.