Mwana Hiti na Mafunzo ya Ngoma

Katika milima ya Uluguru, na kwa jirani zao Wazaramo na Wakwere, mwali aliyewekwa ndani alipewa sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Sanamu hiyo ina kichwa chenye kishungi na ina kiwiliwili, lakini haina mikono wala miguu. Mwali aliitunza kama mtoto: aliiosha, aliipaka mafuta, aliibeba. Twaona kwamba katika kipande hicho cha mti mna somo ambalo walimu wetu wa ngoma na maigizo hawajalitumia vya kutosha.

Mikono iliyokosekana kwenye sanamu ilikuwa ni mikono ya mwali mwenyewe. Ili aibebe kama mtoto, sharti kwanza amwone mtoto moyoni mwake. Na akishamwona, shingo huinama, kiwiko hukunjika, hatua hupungua. Fikra hutangulia, mwili hufuata.

Mwaka 1962 Serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Likafuata Kundi la Taifa la Ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwa juhudi hizo ngoma zilizokuwa zimedharauliwa na wakoloni zilipata heshima. Lakini jukwaa nalo lina masharti yake: dakika chache, mistari iliyonyooka, nyuso kuelekea wageni. Masharti hayo yameingia hata madarasani. Mara nyingi tumetazama watoto wakifundishwa ngoma kwa kuhesabiwa, moja, mbili, tatu, kama gwaride. Hatua zilikuwa sahihi, ngoma haikuwapo.

Sisi tutungao mashairi twalijua kosa hili. Mshororo waweza kutimiza mizani kumi na sita, vina vikalingana, na bado ukawa mtupu. Hesabu hulinda umbo, haizai maana.

Mwalimu wa Morogoro hana haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Watoto wa Mgeta na Matombo wanaijua miteremko. Na awaambie wasimame, wafumbe macho, wajione wamejitwika mkungu wa ndizi katika njia yenye utelezi. Awaulize: uzito umekaa wapi? Kidole kipi kinashika ardhi? Goti limefanya nini? Wakishayajua hayo katika miili yao, ndipo ngoma ipigwe. Kila mtoto atapata mwendo wake, na wote watakuwa na mlima chini ya nyayo. Kisha awaambie watue mzigo, waendelee kucheza, na kila mmoja asikilize kilichobaki shingoni mwake. Mchezaji wa tamthilia anayeigiza mzee au mchukuzi hahitaji kitu kingine kuanzia.

Wapo watakaosema kuwa mambo ya unyago ni siri, hayafai kutolewa hadharani. Wengine watasema kuwa kuwekwa ndani kumewahi kuwakatiza wasichana masomo. Wote wasema kweli. Hatuombi siri zifunuliwe, wala hatutaki binti atolewe darasani. Tunachoomba ni njia ile ya kufundisha, ambayo haina siri na haimdhuru mtu.

Basi, mwalimu asianze na hatua. Aanze na mzigo, njia na mtoto wa kubebwa. Hatua zitakuja, nazo zitakuwa na mwenyewe.