Nyimbo za Frank Humplick na Dada Zake

Sisi tuandikao juu ya mila za Uchagani tumezoea kukusanya nyimbo za wazee, yaani za ngoma, za kazi na za malezi, na kuliacha gitaa kama kwamba si la kwetu. Kosa hili lina asili yake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, ambaye kitabu chake cha sheria za Wachaga cha mwaka 1926 kingali ghala kubwa la habari, aliupenda ukoo, ujirani na rika. Mji, fedha, na mambo yaliyopanda kwa reli iliyofika Moshi mwaka 1911, aliyaona kuwa hatari ya kuvunja umoja wa watu. Nasi watoto wa shule za misheni tulirithi hofu ile pamoja na maarifa yake. Kwa kipimo hicho mtu ninayetaka kumtaja leo asingalipata hata mstari mmoja.

Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927, baba yake Mzungu na mama yake Mchaga, akafariki mwaka 2007. Katika miaka ya 1950 yeye na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina, waliimba nyimbo zilizotiwa katika santuri, nazo zikaenea Tanganyika na Kenya. Hawakuwa na bendi ya dansi nyuma yao, wala tarumbeta, wala ngoma kubwa. Palikuwa na gitaa kavu na sauti za ndugu, basi. Hata jina la gitaa lile lina historia yake: wengi waliliita galatoni, na jina hilo latokana na Gallotone, kampuni ya santuri ya Afrika Kusini. Chombo kimepewa jina la sahani iliyokileta masikioni mwa watu, kama kwamba mkate ungeitwa kwa jina la kikapu.

Wengine husema, “Huo ni uigaji wa Kizungu.” Nakubali kwamba vidole vya Frank vimejifunza mengi kutoka nje. Miaka ile gitaa lilikuwa likisikika pande zote: Fundi Konde alikuwa maarufu Kenya, na mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Kongo akipiga nyuzi kwa ustadi wa ajabu. Lakini sikiliza vizuri, utaona kwamba Frank hakai pamoja nao sana. Bosco huliacha gitaa liseme peke yake, na sauti ya mtu huja kama mgeni. Kwa Frank gitaa ni mtumishi; hutandika mkeka, halafu hukaa kando, na sauti za dada zikapita juu yake zikiwa zimeshikana, moja juu na moja chini, bila kuachana.

Kushikana huko kwatoka wapi? Mimi nadhani kumekaa karibu na kanisa kuliko dansi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1891, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Hata kufikia utoto wa watu hawa, kizazi kizima mlimani kilikuwa kimefundishwa kuimba kwa sauti mbili, tatu na nne. Ila jambo linalonifurahisha ni kwamba ndugu hawa waliuchukua ustadi ule, wakauacha ugonjwa wake. Kila mwalimu wa kwaya aujua ugonjwa huo: tuni ni ya Kijerumani, maneno ni ya Kiswahili, na pigo lenye nguvu huangukia silabi isiyostahili. Neno “mwokozi” hutaka uzito katika “ko”, lakini tuni huuweka katika “mwo”, na mtoto huimba miaka kumi akilitamka neno asivyolitamka nyumbani. Kwa Kichaga hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti hubagua maana.

Katika “Chaupele Mpenzi” hakuna ulemavu huo. Maneno hukaa mahali yanapokaa kinywani mwa msemaji, na tuni huyafuata kama maji yafuatavyo mfereji. Niliwasikilizisha wanafunzi wangu wimbo huu baada ya utenzi wa kanisani, nikawaambia wapige meza penye nguvu ya neno. Katika utenzi walibishana; katika “Chaupele” meza zote zililia pamoja.

Sisemi kwamba kila wimbo wao ni johari. Maneno mengi ni mepesi. Mtu aliyezoea mashairi ya pwani, au aliyesikia jinsi Siti binti Saad alivyoficha kisu ndani ya hariri katika santuri alizoanza kuimba Bombay mwaka 1928, ataona Kiswahili hiki ni chembamba: hakina mizani kali wala fumbo zito. Ni Kiswahili cha bara, cha watu waliokutana sokoni na stesheni wakitaka kuelewana upesi. Tena upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi, nao wakati mwingine wamezijaza kwa kurudia tu yaliyokwisha kusemwa.

Lawama yangu kubwa si ya nyimbo bali ya lebo. Watu wamewajua kama “Frank na Dada Zake”. Ondoa gitaa, wimbo bado utatambulikana. Ondoa sauti za Thecla Clara na Maria Regina, utabaki na kijana hodari aketiye peke yake barazani. Na bado ni jina la kaka lililochapwa, na wao wakawa “dada zake”, hata wapenzi wengi wa nyimbo hizi hawajui walikuwa nani.

Santuri za zamani zile zilivunjika kama vigae, na chache zilizookoka zimekwaruzika. Katika miaka ya karibuni nyimbo zao zimetolewa upya Marekani, ambako wasikilizaji hawajui Kiswahili. Mwenye sahani yao darini mwake, Moshi au Marangu au kwingineko, asiiuze kwa mpita njia kabla ya kuyaandika maneno yake yote kama yanavyosikika, na kuandika ni dada yupi aliyeimba sauti ya juu.